Pioni Zinataka Baridi, Acheni Kuzionea Huruma

  Samahani kwa kupotea, mwezi uliopita shifti za usiku zilifuatana mpaka nikasahau leo ni siku gani.

Sasa jamani, tangu nitume zile picha kwenye kundi la familia simu yangu haijatulia. Mama anauliza lile ni waridi la aina gani, mbona kubwa kama sahani ya wali? Shangazi wa Tanga anataka kipande akapande. Binamu yangu wa Leicester anasema kwake maua hayo yapo kila uwanja na wala hayamsumbui mtu, sasa mimi najisifia nini? Na baba mdogo (shikamoo baba) akaandika maneno matatu tu: "Maua hayaliwi, mwanangu."

Leo niko mapumzikoni, nimeona niwajibu wote hapa kwa mkupuo mmoja. Ila nawatahadharisha mapema, jambo hili nina maoni nalo, na siyo kidogo.

Kwanza jina. Siyo waridi, ni pioni. Linatokana na Paeon, ambaye katika hadithi za Wagiriki wa kale alikuwa tabibu wa miungu. Kwa hiyo mimi muuguzi nina haki ya ziada ya kulipanda, au siyo? Wachina hadi leo hutumia mizizi yake katika dawa zao za asili. (Wale wa kuchemsha kila kitu, nawajua, msianze. Sijasema mnywe.)

Pioni hizi zangu siyo mti. Kila mwaka ikifika Novemba majani yote hukauka, unayakata, unabaki na udongo mtupu kama hujawahi kupanda kitu. Chini mizizi imelala, na juu ya mizizi kuna vichipukizi vyekundu wanavyoviita macho, kama macho ya kiazi mviringo. Machi vinatokeza, na mwisho wa Aprili, kwangu hapa Marietta, maua yanafunguka. Yanakaa wiki moja, mawili matatu yakichelewa wiki mbili, basi. Mwaka mzima kwa ajili ya siku kumi! Mimi nasema inatosha, na nitaeleza.

Shida iko kwenye huko kulala. Pioni haiamki vizuri mpaka ilale kwenye baridi ya kweli kwa muda wa kutosha. Wakulima wake hutaja kati ya saa 500 na 1,000 za baridi iliyo karibu na nyuzi 0 hadi 4 za Selsiasi. Siyo lazima zifuatane, zinajumlishwa winta nzima. Zikipungua, macho yanatoa majani tu, au vikonyo vifupi vyenye tumba dogo gumu ambalo halifunguki, linakauka likiwa na ukubwa wa gololi. Ndiyo maana Alaska, ambako sisi watu wa Usambara tungeganda kabla ya kutoka uwanja wa ndege, kuna mashamba ya kuuza pioni. Na ndiyo maana Florida ya kusini huzioni ila kwenye ndoo za duka la maua.

Georgia ya kaskazini tuko katikati. Winta yetu ni ya mpole. Kuna wiki ya Januari unatoka na koti zito, wiki inayofuata watu wanatembea na fulana. Kwa hiyo hapa kuna makundi mawili ya watu, na mimi nasema yote mawili yamekosea.

Kundi la kwanza ni wale waliohamia kutoka majimbo ya kaskazini. Hao watakwambia, "Usijisumbue, hapa haiwezekani. Kwa bibi yangu Michigan zilikuwa hivi na hivi." Inawezekana. Kwangu zipo tano na zote zinatoa maua. Wanachokosa wao siyo baridi, ni pioni za bibi. Wanataka aina ileile, iliyopandwa kwa kina kilekile, ichanue tarehe ileile. Ukiwaambia wabadilishe aina wanaona kama umemtukana bibi.

Kundi la pili ndilo linaloniudhi zaidi, maana lina moyo mzuri. Ni watu wenye huruma. Ikifika Desemba wanaifunika pioni na matandazo unene wa godoro, wakisema isipate baridi. Mtu mzima anamfunika blanketi mgonjwa mwenye homa! Ile baridi ndiyo dawa yenyewe. Matandazo mazito winta ya hapa kwetu yanazuia baridi isifike kwenye macho, na yakilowa yanakaribisha ukungu. Waache uchi. Karibu na Krismasi 2022 hapa Atlanta nyuzi zilishuka chini ya -10, mabomba ya maji yakapasuka mitaani, mimea mingi ya watu ikageuka rangi ya kahawia. Sikuzifunika pioni hata na gazeti. Zilichanua vizuri Aprili iliyofuata kuliko mwaka wowote kabla ya hapo.

Halafu kuna wa barafu. Jirani yangu mmoja, mama mstaarabu sana, kila jioni ya Januari alikuwa anatoka na bakuli la barafu ya friza anaimwaga juu ya pioni yake. Nilimheshimu kwa bidii, lakini hebu tupige hesabu pamoja. Barafu ya bakuli moja juu ya udongo wa jua la Georgia inadumu saa ngapi? Tuseme mbili, tatu. Pioni inataka mamia ya saa. Hata umwage kila siku mwezi mzima bado hujafika mia. Hospitalini tunajua dawa sahihi kwa dozi isiyotosha haina tofauti kubwa na kutotoa dawa, isipokuwa wewe mtoaji unajisikia vizuri.

Basi lipi la kufanya? Kwangu mimi mambo yanaamuliwa siku ya kununua na siku ya kupanda. Yanayobaki ni kusubiri.

Siku ya kununua. Kuna duka moja kubwa hapa (silitaji) kila mwaka linaleta mizizi ya pioni kwenye mifuko yenye picha, na karibu yote ni Sarah Bernhardt. Mfaransa Lemoine aliitoa mwaka 1906 na kuipa jina la yule mwigizaji mashuhuri. Ni nzuri, sikatai, pinki laini, petali zimejaa kama skafu iliyokunjwa. Lakini inachelewa kuchanua, na ina petali nyingi mno. Huku kwetu Mei ikiingia joto linaweza kugonga nyuzi 30, na tumba zito lenye petali nyingi halijamaliza kufunguka. Linaungulia ndani. Watu wanalaumu winta wakati muuaji alikuwa Mei! Wapo waliofanikiwa nayo hapa, lakini kumuuzia mtu mgeni wa bustani aina hiyo bila kumwambia lolote, naona siyo haki. Mtu anatoa dola zake, anangoja miaka mitatu, halafu anaamini mkono wake ni mbaya.

Na hapo ndipo penye jibu la binamu wa Leicester. Winta yenu huko Uingereza nayo siyo kali, sawa, lakini ni ndefu, na baada yake mnapata miezi ya ubaridi na mvua za rasharasha kabla ya kiangazi. Tumba linafunguka taratibu bila kukimbizwa na mtu. Hujisumbui kwa sababu hali ya hewa inajisumbua kwa niaba yako. Nunua yoyote, dada, hata hiyo Sarah.

Sisi wa kusini tuchague zinazowahi. Festiva Maxima ni ya zamani kweli, ya mwaka 1851, nyeupe na madoadoa mekundu katikati kama mtu amechovya brashi akatikisa. Ina petali nyingi lakini inawahi, na kwenye majimbo haya ya kusini utaikuta kwenye nyumba za wazee ambazo hakuna anayekumbuka nani aliipanda. Coral Charm nayo inawahi, rangi yake huanza kama embe linaloiva na kuishia krimu. Ndiyo ile kwenye picha, Mama. Na zile zenye safu moja ya petali na nywele za njano katikati, msizidharau. Zinafunguka haraka, mvua haiziangushi.

Kuna kabila la tatu linaitwa Itoh. Mjapani Toichi Itoh alihangaika miaka kuoanisha pioni ya kawaida na pioni ya mti, jambo lililokuwa limewashinda wengi. Mwaka 1948 akafaulu kupata mbegu. Akafariki 1956 kabla hajaona miche ile ikichanua. Leo bustani za dunia zimejaa vizazi vya kazi hiyo. Mimi ninayo moja, Bartzella, ya njano, iliyotolewa na Mmarekani Roger Anderson mwaka 1986. Itoh zinahesabiwa kuvumilia winta ya mpole kuliko nyingi, na shina lake haliinamii chini. Ubaya ni bei. Nililipa dola 55 kwa mzizi mmoja, baba mdogo ruka hapo usisome.

Siku ya kupanda ni Oktoba au Novemba, siyo Aprili wakati maduka yanauza vyungu vyenye maua tayari. Ukipanda Oktoba mizizi inajishika kabla ya winta na kuikuta baridi yote. Chagua kipande chenye macho matatu hadi matano. Na kina, jamani, kina! Vitabu vingi vimeandikwa na watu wa nchi za baridi, vinasema sentimita tano. Hapa kwetu ni mbili na nusu, au pungufu. Mimi napima kwa kiungo cha juu cha kidole gumba. Macho yakizama zaidi ya hapo utapata majani mazuri ya kijani miaka kumi mfululizo.

Udongo wa Georgia ni mwekundu, mzito, wa mfinyanzi. Siku ya kwanza nilipochimba nilijiona niko kwetu, ukipanda njia ya kutokea Mombo kwenda Lushoto. Lakini mfinyanzi hushika maji, na pioni haitaki miguu yake ikae kwenye maji, itaoza. Niliinua tuta kama la viazi vitamu, pana zaidi, nikachanganya mboji. Jua la asubuhi lote, kivuli cha mchana kuanzia saa nane hivi. Mbolea kidogo tu, na isiwe ya naitrojeni nyingi. Kisha usiihamishe. Pioni ikihamishwa hununa mwaka, pengine miwili.

Mtaona sisimizi kwenye matumba. Waacheni. Watu wanasema ua haliwezi kufunguka bila sisimizi, siyo kweli, wamefuata utamu unaotoka kwenye tumba. Wengine wanawapulizia dawa ya kuua wadudu, pia hakuna haja. Unapokata ua la kuweka ndani, litikise kwanza.

Adui wa kweli ni kuvu wa kijivu. Tumba linakuwa jeusi, shina linalegea. Hapo nafanya kama wodini tu. Navaa glavu, nakata mpaka sehemu nzima, nafuta mkasi kwa spiriti kabla ya kuhamia mche mwingine, na uchafu unakwenda kwenye mfuko wa taka, haurudi kwenye mboji. Novemba majani yote ya zamani nje. Sijawahi kuhitaji kununua dawa.

Sasa jambo linalonisumbua kichwa zaidi ya hayo yote. Pioni inaishi miaka 50, na zipo zilizopita 100. Ninachopanda leo ninakipanda kwenye winta zijazo, na winta zijazo hazitakuwa hizi. Mwaka 2023 Wizara ya Kilimo ya Marekani ilitoa upya ramani yake ya baridi, ile tunayoitumia wote wa bustani kujua mmea gani utapona wapi, na karibu nusu ya nchi imesogezwa upande wa joto. Mwaka huohuo Georgia, jimbo linalojiita la pichi, lilipoteza zaidi ya asilimia 90 ya pichi zake. Winta ilikuwa ya joto, miti haikulala vya kutosha, mingine ikachanua mapema, halafu jalidi ya Machi ikaja kuua maua. Wakulima wenye vizazi vya uzoefu! Kwa hiyo mtu akiniambia tusubiri tuone, namwambia aliyepanda mti wa miaka 50 hana nafasi ya kusubiri aone. Chagua leo aina isiyodai baridi nyingi, hata kama winta ya mwaka huu ingetosha kwa Sarah. Hiyo ndiyo sababu Oktoba iliyopita nilinunua Itoh ya dola 55 wakati ya dola 20 ilikuwepo kwenye kabati la pili.

Haya, baba mdogo. Umesoma, najua. Hela yote niliyoweka kwenye pioni tangu 2019 haijafika dola 200. Tofali za kule kiwanjani zinaendelea, fundi anazo risiti. Maua hayaliwi, kweli, lakini natoka kazini saa moja asubuhi baada ya saa kumi na mbili za kusimama, usiku mwingine tumempoteza mtu ambaye jioni alikuwa ananitania, na mguu wangu wa kwanza kushuka kwenye gari unakanyaga pale. Siku kumi kwa mwaka nakaa kwenye ngazi ya mlango na viatu vya kazi mkononi. Kahawa yenyewe ya hapa kwa mwaka inagharimu zaidi ya hizo.

Swali lako la kweli, ambalo hukuliandika, nadhani ni jingine. Anayepanda kitu cha miaka 50 Marekani anarudi lini? Sitadanganya kwa sababu ya maua. Sijui tarehe. Nyumba ina mkopo, watoto wana shule. Nikiuza nyumba pioni zinabaki na mwenye nyumba mpya, ndivyo ilivyo hapa, mimea ni mali ya kiwanja. Wala sioni ubaya. Mipichi ya nyuma ya nyumba yetu Lushoto hakuipanda babu, tuliikuta.

Na wewe Mama, pamoja na shangazi. Hapana, siwaletei kipande. Shangazi wa Tanga mjini, hata tusijadiliane, feni yako haizimwi Julai. Lushoto najua mtasema kuna baridi, na pichi zinazaa. Ni kweli, lakini pichi zipo aina zinazoridhika na baridi kidogo sana, pioni hazijafika huko. Baridi ya Julai ya kwetu inatutia masweta, ila jua likitoka saa nne sweta linavuliwa, na zile saa mia tano za karibu na nyuzi sifuri hazipatikani. Utapata majani, utayatunza kama mjukuu, na hutaona ua. Isitoshe, mzizi wenye udongo kwenye sanduku siyo mchezo. Unahitaji kibali na cheti cha afya ya mimea, kuna Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa kazi hiyo, na wako sahihi. Waulizeni ndugu zetu wa Kagera ugonjwa wa migomba umewafanya nini, ndiyo mtajua kwa nini mimi sifichi mzizi kwenye soksi.

Halafu Mama, hebu sikia hili. Dukani kwetu hospitalini, pale ndugu wa wagonjwa wanaponunua kadi na baluni, wanauza kijichungu chenye ua dogo la zambarau, majani yana manyoya laini. Wanaliita urujuani wa Afrika. Karibu kila bibi wa Kimarekani amewahi kuwa nalo dirishani. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani aliyekuwa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipata kwenye milima yetu ya Usambara akalipeleka kwao, na likapewa jina lake. Kule msituni sasa linapungua kwa sababu misitu imekatwa. Nilipomwambia muuguzi mwenzangu kwamba hilo ni ua la kwetu, tena la milimani tunakotoka sisi, hakuamini mpaka nikamwonyesha ramani. Lenyewe baridi ya usiku mmoja tu inaliua. Ukienda upande wa msitu na wajukuu, liangalieni kwenye miamba yenye kivuli na unyevu. Msiling'oe, nipigie picha tu.

Oktoba nitachimba Festiva Maxima na kuigawa kwa kisu, imeshakuwa kubwa. Kipande kimoja ni cha yule jirani wa barafu. Nimemwambia masharti ni mawili, kina cha kiungo cha kidole gumba, na friza ibaki ya samaki.